Tusiue uraibu kwa bei na maksi

Jirani yangu, mwalimu mstaafu wa hisabati, alinikuta Jumamosi moja mwaka wa 2025 nikiambua pakiti ya maziwa kutoka kwenye mshumaa. Ulikuwa mshumaa mnene wa rangi ya kahawia, kimo chake shubiri moja hivi, wenye vishimo tele mithili ya jiwe la matumbawe. Aliupokea kwa mikono miwili, akauzungusha, akaunusa, akausifu. Kisha akaniuliza swali ambalo nimeulizwa na takriban kila mgeni aliyetia mguu jikoni mwangu tangu nianze shughuli hii: "Daktari, mmoja unauza pesa ngapi?"

Nilimjibu kwamba siuzi. Hakuamini. Alivuta kiti, akaomba kalamu, na kabla chai haijaiva alikuwa amekwisha kunipigia hesabu ya nta, utambi, gesi na faida. Binti yangu, ambaye wakati huo alikuwa Gredi ya Sita, alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza. Naye akauliza lake: "Mama, tukiupeleka shuleni, mwalimu atasema tumezidisha matarajio?"

Maswali hayo mawili, la bei na la maksi, ndiyo yaliyonisukuma kuandika makala haya. Yaliulizwa na watu ninaowapenda, tena kwa nia njema kabisa. Hata hivyo, naona kwamba kwa pamoja yanaua kitu ambacho walimu na wanafunzi wa nchi hii wanakihitaji mno, nacho ni uraibu.

Neno lenyewe lina kisa chake. Vitabu vyetu vya shule humfundisha mwanafunzi kwamba shughuli aifanyayo mtu kwa kuipenda, wakati wa mapumziko yake, huitwa uraibu. Katika usemi wa wazee wa pwani, uraibu ni tambuu na tumbaku, yaani kile kitu kidogo cha kutafuna ambacho hakimshibishi mtu lakini pia hawezi kukiacha. Gazeti la leo nalo likiandika uraibu, aghalabu halizungumzii mishumaa wala ukusanyaji wa stempu. Linazungumzia mihadarati, pombe na kamari. Mraibu amekuwa mgonjwa. Sidai kwamba lugha imekosea, kwa maana ni kawaida ya maneno kusafiri, na mwanaisimu anayejaribu kuyafunga kamba hupoteza muda wake. Lakini ni ajabu kwamba neno la kumtaja mtu apendaye jambo bila kulipwa limeachwa lielekee hospitalini peke yake, ilhali neno "hasla", lililoingia juzi tu, limekaribishwa hadi katika hotuba za wakubwa.

Simlaumu jirani yangu. Mtu aliyesomesha watoto watano kwa mshahara wa ualimu hawezi kuona kitu kilichotengenezwa kwa mikono asifikirie karo. Mimi mwenyewe nimewahi kushawishika. Katika mgomo wa wahadhiri wa mwaka wa 2025, nikiwa nimekaa nyumbani majuma mengi, nilikubali kumtengenezea rafiki yangu mishumaa thelathini ya harusi, yote meupe, yote ya kimo kimoja, isiyo na kasoro. Niliitengeneza, nikalipwa, nikashukuru. Biashara ni jambo la heshima. Lakini katika siku zile nne sikujifunza lolote. Sikuthubutu kujaribu rangi mpya wala kalibu nyingine, maana kila kosa lilikuwa na gharama yake na tarehe ya arusi ilikuwa imekwisha kupangwa. Uraibu ulikuwa umegeuka kazi, na kazi nyingine ninayo tayari.

Lipo pia kosa ninalopaswa kulikiri. Binti yangu alipokuwa Gredi ya Nne, mwanzoni mwa mwaka wa 2023, aliagizwa asuke kikapu kidogo kwa vifaa vinavyopatikana katika mazingira yake. Tulikuwa na siku mbili, nami nilikuwa na rundo la karatasi za mtihani za kusahihisha. Nilikwenda sokoni, nikampata mama mmoja msusi, nikamlipa shilingi mia nne. Asubuhi mtoto akaingia shuleni na kikapu ambacho hata mwalimu wake asingeweza kukisuka. Alirudi na sifa tele. Usiku, akiwa tayari kitandani, aliniuliza, "Mama, ni mimi niliyefanya vizuri, au ni yule mama wa sokoni?"

Nina shahada ya uzamifu. Nimefundisha nadharia za maana kwa zaidi ya miaka kumi. Sikuwa na jibu.

Tusidhani kwamba ugonjwa huu umeletwa na mtaala wa umilisi. Sisi tuliosoma chini ya 8-4-4, mfumo ulioanza mwaka wa 1985, tunakumbuka tulivyotakiwa kupeleka shuleni kamba, mifagio na vyungu, na tunakumbuka pia ni nyanya wa nani aliyevifinyanga. Kisha ulipofika mtihani wa KCPE, maswali ya ufinyanzi na ususi tuliyajibu kwa penseli, kwa kuchagua A, B, C au D. Mtihani huo ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka wa 2023. Tabia ya kuitazama kazi ya mikono kama kitu cha kuonyeshwa, na wala si kitu cha kufanywa, imebaki nasi hai.

Mishumaa tuliingia kwa bahati. Ijumaa, tarehe 25 Agosti 2023, stima ilipotea karibu nchi nzima. Nyumbani kwetu palikuwa na kipande kimoja tu cha mshumaa mweupe wa dukani. Kilipokuwa kikiteketea, binti yangu alikuwa akikusanya matone yaliyoganda juu ya kisahani na kuyafinyanga kwa vidole. Akauliza kama matone hayo yanaweza kuwa mshumaa tena. Nilisema yanaweza, nikijua hakika kwamba yanaweza, lakini nisijue namna.

Kesho yake tuliyaweka katika kopo, tukaongeza vipande vya mishumaa mingine minne, na kopo tukalitia ndani ya sufuria ya maji yanayochemka. Hilo la maji ni la lazima, wala mwalimu yeyote asilichukulie kwa wepesi. Nta haiwekwi juu ya moto moja kwa moja, kwa kuwa ikipata joto kupita kiasi hutoa mvuke unaoshika moto kama mafuta ya kukaangia. Na ikiwaka haizimwi kwa maji, bali kwa kufunikwa. Maji yanayochemka hayapiti nyuzi 100, nayo nta ya parafini ya mishumaa ya namna hii huyeyuka kati ya nyuzi 55 na 65 hivi, na ile ya nyuki kwenye nyuzi 62 hadi 64. Kwa hiyo sufuria ya maji ni mlinzi wa kutosha, mradi pasiwe na mtu anayeondoka jikoni kwenda kupokea simu.

Tulimimina nta katika pakiti ya maziwa ya nusu lita, tukaning'iniza uzi wa pamba katikati, tukalala. Asubuhi tulikuta tundu refu limezama kuuzunguka uzi. Binti yangu alilia. Alidhani panya ameula mshumaa wake. Ilituchukua siku kadhaa kutambua kwamba nta hunywea inapopoa: ya pembeni huganda kwanza na kushika umbo, ya katikati huendelea kujikunyata, na mahali pa kupungukia ni pale penye utambi. Dawa yake ni kuitoboa kwa sindano ya kufumia wakati inapoanza kuganda, kisha kuijaza nta kidogo mara ya pili.

Mshumaa wa pili tuliutia rangi kwa kuyeyusha kalamu za nta za mtoto. Ulitoka mwekundu wa kupendeza mno, ukawaka dakika tano, ukazimika. Tukauwasha tena, ukazimika tena. Chembechembe za rangi ya kalamu zilikuwa zimeziba utambi, kama vile tope linavyoziba mrija. Wa tatu ulikuwa mnene mno kwa utambi mwembamba tuliouwekea: mwali ulichimba shimo katikati, ukazama ndani yake kama mtu aliyetumbukia kisimani, ukafa huku kuta zote zikiwa zimesimama. Hapo ndipo tulipofahamu kwamba mshumaa wa aina hii, ule mnene unaosimama wenyewe kama nguzo bila kinara, ni mapatano kati ya utambi na unene. Utambi ukiwa mdogo, mwali huzama. Ukiwa mkubwa, hutoa moshi na nta humwagika. Tulifahamu pia kwamba mara ya kwanza kuuwasha haifai kuuzima mapema. Yapasa uachwe hadi nta iyeyuke karibu kufika ukingoni, la sivyo utachimba kisima kilekile siku zote.

Ule uliomvutia jirani yangu ulikuwa wa ishirini na kitu. Siri yake ni barafu. Unasimamisha mshumaa mwembamba wa dukani katikati ya pakiti, uwe utambi na uti wa mgongo. Unajaza vipande vya barafu pembeni. Kisha unamimina nta ya moto. Nta huiganda barafu ilivyo, barafu huyeyuka, nawe ukimwaga maji kinabaki kitu chenye mapango na madirisha ambacho hakuna anayeweza kukirudia sawasawa. Rangi yake ya kahawia haikutoka dukani. Ilikuwa nta ya nyuki niliyoletewa kutoka Mwingi, iliyochanganywa na parafini. Warina asali wengi hutupa nta wakishaikamua asali, na hiyo nayo ni makala nyingine.

Nimesimulia kushindwa kwetu kwa urefu kwa makusudi. Lau msusi wa sokoni angekuwa pia anauza mishumaa, tusingeyajua haya hata moja. Na lau mshumaa wa kwanza ungepelekwa shuleni na tundu lake ukapewa alama ya "mbali na matarajio", tusingetengeneza wa pili.

Sasa niseme kidogo kuhusu lugha, maana ndiyo kazi yangu. Siku ya kwanza nilipotaka kukitaja kile chombo kinachoipa nta umbo, nilijikuta nikisema "hiki kikopo", "hii pakiti". Neno lipo: kalibu. Na kitendo cha kumimina kitu kilichoyeyuka ndani ya kalibu kina kitenzi chake: kusubu. Maneno haya nimeyaona kamusini tangu nikiwa mwanafunzi, na nimewahi hata kuyatungia maswali ya mtihani, lakini sikupata kuyatamka kwa haja hadi siku ile mkono wangu ulipokuwa umeshika kopo la moto. Binti yangu huyatumia bila kutafakari. Kwake kalibu si msamiati, ni pakiti ya maziwa iliyooshwa.

Mwalimu wa Kiswahili anayehangaika kueleza tofauti ya kauli za vitenzi angefaidika na sufuria moja tu. Nta inayeyuka; mimi ninaiyeyusha. Nta inaganda, barafu inaigandisha. Utambi unawaka, mtoto anauwasha. Tena jina lenyewe la mshumaa lina somo zuri. Asili yake ni Kiarabu, na huko neno hilo ni la nta yenyewe. Sisi tulikuwa tayari na neno letu la Kibantu, nta, tulilorithi pamoja na mizinga na masega. Kwa hiyo neno geni likapewa kazi ya kutaja kile kitu kilichotengenezwa. Lugha haikulifukuza neno geni wala haikulitupa la kwake. Iligawa kazi.

Nimelijaribu jambo hili chuoni pia. Nilikiambia kikundi cha wanafunzi wa mwaka wa pili waandike, kwa Kiswahili, maelezo ya kutengeneza kitu chochote wanachojua kukitengeneza kwa mikono yao. "Daktari, chochote? Hata chapati?" Hata chapati. Walioandika juu ya chapati waliandika Kiswahili chenye damu: unga "unaregea", donge "linakataa", mafuta "yananong'ona". Waliodhani kwamba chapati haina hadhi ya chuo kikuu walinakili maelezo ya mitambo ambayo hawajapata kuiona, na sentensi zao zilikuwa kavu kama kuni. Kilichowatenganisha hakikuwa ujuzi wa sarufi.

Watu wa sayansi wamelijua hili zamani. Mwaka wa 1848, na tena katika majira ya Krismasi ya mwaka wa 1860 kuingia 1861, Michael Faraday aliwahutubia vijana katika Royal Institution jijini London, na mada yake ilikuwa mshumaa tu. Mihadhara sita ya mara ya pili ilichapishwa kuwa kitabu mwaka wa 1861. Faraday alikuwa mtoto wa mhunzi, na shuleni hakukaa sana. Alijifunza ufundi wa kujalidi vitabu, akawa anavisoma alivyokuwa akivijalidi. Mojawapo ya maonyesho yake mtu anaweza kuyafanya nyumbani leo. Zima mshumaa kwa upole, usiutikise. Utaona uzi mweupe wa moshi ukipaa. Usogeze kiberiti kinachowaka kwenye moshi huo, mbali kidogo na utambi. Mwali utaruka, ushuke kupitia moshi, uuwashe utambi ambao haukuguswa. Kwa maana kinachowaka katika mshumaa si nta iliyoganda wala nta iliyoyeyuka, bali ni mvuke wake. Binti yangu alitaka kulifanya hilo mara kumi na moja usiku mmoja, na nikamruhusu mara sita.

Najua hoja zitakazoletwa dhidi yangu. Ya kwanza ni moto, na ni hoja nzito. Nchi hii imezika watoto wengi mno waliofia mabwenini, Kyanguli mwaka wa 2001 na Endarasha mwaka wa 2024 yakiwa majina mawili tu katika orodha ndefu. Mshumaa hauna mahali bwenini, iwe ni wa mapambo au wa kusomea, na mwanafunzi wa bweni anayesoma makala haya asiyatumie kama kibali. Ninazungumzia jikoni penye mtu mzima, na maabara yenye mwalimu. Tena si lazima uraibu uwe wa mishumaa. Anayeogopa moto ana ukili wa kusuka, udongo wa kufinyanga, mbao na vitambaa.

Hoja ya pili ni umaskini: kwamba uraibu ni anasa ya walioshiba. Hii siikubali moja kwa moja. Pakiti za maziwa tunaziokota, matone ya mishumaa yapo katika kila nyumba inayopotelewa na stima, na uzi wa pamba si ghali. Watoto wa mashambani waliounda magari ya nyaya na mipira ya makaratasi hawakuwa wameshiba kutuliko. Kilicho ghali ni muda, na muda wa mtoto wetu tumeujaza masomo ya ziada tangu alfajiri hadi giza.

Ombi langu kwa walimu ni dogo. Kazi ya mikono ifanyike shuleni, mbele ya mwalimu, kwa vifaa duni, hata kama matokeo yatakuwa mabaya kwa sura. Ikiwa ni lazima itahiniwe, basi mwanafunzi atahiniwe kwa daftari lake: alijaribu nini, kikaharibika vipi, akabadilisha nini mara ya pili. Daftari la namna hiyo mzazi hawezi kulinunua sokoni, kwa sababu msusi hodari hana habari za makosa ya mtoto wangu. Na liandikwe kwa Kiswahili, aghalabu kwa nafsi ya kwanza. Nyinyi wanafunzi nanyi, chagueni jambo moja ambalo hamtalionyesha mtu yeyote hadi mtakapotaka wenyewe.

Binti yangu sasa yuko sekondari ya msingi. Daftari lake la mishumaa limejaa madoa, na kwenye ukurasa wa kwanza ameandika: "Panya hakuhusika."

Ama jirani yangu, nilimpa ule mshumaa wa barafu bila malipo, akauchukua huku akitikisa kichwa kwa hasara niliyoipata. Majuma matatu baadaye stima ilipotea mtaani. Kesho yake alibisha hodi, mshumaa uliobaki nusu mkononi. Nilidhani amerudi na hesabu zake. Kumbe usiku kucha alikuwa akiutazama utambi.

"Daktari," akasema, "ncha ya huu utambi inajipinda kila mara, inatoka kando ya mwali na kuungua yenyewe. Ni nani anayeipinda?"

Nilimwambia kwamba utambi ule ni wa nyuzi zilizosukwa kama nywele, na kwamba ususi ndio unaoupinda. Kwamba ni Mfaransa aliyeitwa Cambacérès aliyeubuni mwaka wa 1825, na kabla yake ilibidi mtu akae na mkasi kando ya mshumaa akiukata utambi ulioungua. Akafikiri kidogo. Akaniuliza kama ni nyuzi tatu au zaidi, na kama idadi ikibadilika mpindo nao hubadilika.

Sikujua. Nilimkaribisha jikoni, nikabandika sufuria ya maji.